Rubani Anapoomba Kuwa Mwalimu

Sisi wa Elimu tunalijua swali linalofuata baada ya kusema tunasoma nini. Ukisema uhandisi, mtu anaitikia kwa heshima. Ukisema udaktari, anaomba namba yako ya simu, maana mama yake ana presha. Ukisema ualimu, kimya kidogo, halafu: "Kwani ulikosa nafasi kwingine?" Yule mwenye huruma zaidi anakufariji kwamba ualimu ni wito.

Mimi nina miaka 22, nipo mwaka wa tatu, na siku hizi swali hilo nalijibu kwa swali langu. Kwa nini rubani wa ndege kubwa ya abiria, mtu aliyekwisha kufika kule ambako watoto kibao wa shule ya msingi wanasema watafika, aombe mwenyewe kuwa mwalimu? Hakufeli. Hakukosa nafasi. Kofia anayo, mistari minne begani anayo, mshahara anao. Halafu anaomba kazi ya kukaa ndani ya sanduku lisilo na dirisha la kweli, saa nane usiku, akimwangalia mwenzake anavyohangaika na injini iliyoshika moto wa bandia.

Nina tabia ya kusoma ripoti za ajali za ndege kama wenzangu wanavyofuatilia Simba na Yanga, na humo ndimo nilimokutana na marubani hawa. Kadiri nilivyowasoma ndivyo nilivyoona kwamba wanapambana na mambo yale yale tunayoandikia asainimenti: nani anafaa kufundisha, namna ya kumpima mtu bila kumvunja, na mwalimu mwenyewe nani anampima. Tofauti ni kwamba kwao jibu baya linaweza kuua watu 500.

Kazi yenyewe ikoje

Tuanze na jambo ambalo abiria wengi hawalijui: rubani hamalizi mitihani. Sisi tukivuka UE ya mwisho tunavaa joho, tunapiga picha, basi. Rubani wa shirika la ndege anapimwa mpaka siku anayoacha kazi. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinataka uwezo wake upimwe mara mbili katika kila mwaka, na vipimo viwili vinavyofanana vikifanyika ndani ya miezi minne mfululizo, peke yake havitoshi. Yaani huwezi kupiga viwili Januari na Februari ukalala mwaka mzima. Mamlaka za nchi, kama TCAA kwetu na KCAA kwa jirani zetu wa Kenya, ndizo zinazosimamia utekelezaji. Ukifeli hurushi abiria mpaka urudie mafunzo na kupimwa upya. Kwa lugha ya hosteli, kila baada ya miezi kama sita kuna UE, na sapu yake unaifanya ukiwa umesimamishwa kazi kwa muda.

Juu ya hayo, leseni ya rubani haimruhusu kurusha ndege yoyote anayoikuta uwanjani. Anayetoka kwenye Bombardier Q400 ya mapanga kwenda Airbus A220 ya jeti, ndege ambazo zote Air Tanzania inazo, lazima aisome ndege mpya mwanzo hadi mwisho na afanye mtihani wake.

Kwa hiyo lazima wawepo watu wa kufundisha na kupima. Kwa ujumla kuna kazi tatu, na mtu mmoja anaweza kuzibeba zaidi ya moja. Yupo mkufunzi wa aina ya ndege, ambaye kazi yake kubwa ipo kwenye simuleta. Yupo mkufunzi wa safari, anayekaa na rubani mgeni kwenye ndege ya kweli yenye abiria wa kweli mpaka azoee. Na yupo mtahini, ambaye mamlaka ya nchi imemkabidhi kalamu ya kusema huyu amepita au hajapita.

Simuleta, kwa asiyeijua, ni chumba cha rubani kilichojengwa upya kitufe kwa kitufe, kikawekwa juu ya miguu sita inayokitikisa na kukiinamisha, mbele kikazungushiwa picha za anga na viwanja. Ya kwanza iliyopata umaarufu ilitengenezwa na Mmarekani Edwin Link mwaka 1929, akitumia mirija na viriba vya hewa kutoka kiwanda cha baba yake cha vinanda. Mwanzoni jeshi halikumjali. Mwaka 1934 marubani wa jeshi la Marekani walipopewa kazi ya kusafirisha barua na kuanza kufa wakiruka kwenye hali mbaya ya hewa, ndipo jeshi lilipozinunua. Leo simuleta bora zinafanana na ndege kiasi kwamba rubani mwenye uzoefu anaweza kumaliza mafunzo ya ndege mpya bila kuigusa yenyewe, na mara ya kwanza anapoirusha nyuma kuna abiria, pembeni ana mkufunzi.

Mkufunzi anakaa nyuma ya marubani wawili akiwa na skrini zake. Yeye ndiye mwongoza ndege wa mnarani, yeye ndiye mhudumu anayepiga simu kusema kuna moshi chooni, yeye ndiye fundi. Anaweza kuzima injini, kuleta ukungu, kusimamisha kila kitu katikati ya anga na kurudisha ndege ilikokuwa dakika tano zilizopita. Kipindi kimoja kwa kawaida ni saa nne, ukiacha maelezo ya kabla na mazungumzo ya baada. Na kwa kuwa mashine ni ghali sana, hazilali. Ndiyo maana nikasema saa nane usiku.

Safari ya kufika hapo

Hii kazi hupewi kwa sababu ulikuwa wa kwanza darasani. Nichukue kanuni za Ulaya, ambazo nchi nyingi hutazama zinapoandika za kwao. Anayetaka kuwa mkufunzi wa aina fulani ya ndege zinazorushwa na marubani wawili anatakiwa awe amekwisha kuruka saa 1,500 kwenye ndege za namna hiyo, na miezi 12 iliyopita awe hakukaa kijiweni bali alikuwa anaruka. Hapo amepata ruhusa ya kuanza tu. Inafuata kozi, na sehemu ya kozi hiyo ni saa 25 za kujifunza namna ya kufundisha: mtu anajifunzaje, somo linapangwaje, mwanafunzi anapimwaje, kwa nini anasahau. Nilipoisoma orodha ya mada nilicheka. Ni madesa yetu ya mwaka wa kwanza.

Akitaka kupanda awe mtahini, anahitaji kwanza awe mkufunzi, awe amefundisha saa 50 au zaidi, na sehemu ya saa zake za kuruka awe alikuwa yeye ndiye kapteni. Cheti chake cha utahini kinaisha baada ya miaka mitatu, kisha naye anaangaliwa na mtahini mwingine akiwa kazini. Anayepima naye anapimwa jinsi anavyopima. Mwenzangu, soma sentensi hiyo mara ya pili.

Mfuko, nyumba na afya

Sasa kwa nini waombe? Tusijifanye malaika, tuanze na pesa. Mashirika mengi huwalipa wakufunzi na watahini posho juu ya mshahara wa ukapteni. Hakuna aibu hapo. Mimi ule msemo wa "ualimu ni wito" umeanza kunichosha, kwa sababu mara nyingi husemwa pale mtu anapotaka kukwambia usiulize mshahara. Marubani wanaonyesha kwamba wito na posho vinaweza kukaa meza moja bila kugombana. Ukitaka mtu mzuri afundishe, mfanye asipate hasara kwa kufundisha.

Sababu ya pili ni nyumba. Rubani wa safari ndefu anaweza kuwa Jumatatu yupo Mumbai, Alhamisi yupo Guangzhou, na siku mtoto anapotahiriwa yupo hotelini anasinzia mchana kwa mapazia mazito. Wiki ya simuleta ina saa mbaya, lakini angalau unajua utalala mji gani.

Sababu ya tatu ni afya na umri, na hii inasemwa kwa sauti ya chini. Leseni ya rubani inategemea cheti cha daktari. Ukipata tatizo la moyo au la macho ukiwa na miaka 45, kazi uliyoisomea maisha yako yote inaweza kwisha kwa sahihi moja. Hata ukiwa mzima kama chuma, kikomo cha kimataifa cha rubani wa safari za kibiashara ni miaka 65. Lakini kwenye simuleta hakuna anayeanguka. Ulaya kuna daraja la wakufunzi wa simuleta pekee ambao hawadaiwi cheti cha afya cha rubani, na kwa hiyo mtu aliyefungiwa mlango wa anga bado anaweza kupitisha mlango mwingine kile alichonacho kichwani. Aliyejiandaa mapema kuwa mwalimu ana pa kwenda.

Ya nne ni uchovu wa mazoea. Ndege za leo kwa sehemu kubwa ya safari hujiendesha kwa mitambo, rubani akisimamia. Anayeruka safari za saa kumi na zaidi hutua mara chache kwa mwezi, tena wanagawana na mwenzake. Kanuni inataka kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, na wapo wa safari ndefu ambao huifikia kwa msaada wa simuleta. Mtu wa namna hiyo akiwa mkufunzi, kwa wiki moja anaona injini zikizimika, magurudumu yakigoma na dhoruba zikibisha hodi kuliko atakavyoona angani katika maisha yake yote ya kazi, Mungu akimjalia.

Na wapo, tuseme ukweli, wanaotaka cheo. Kalamu ya mtahini ni nzito mkononi. Kila shirika lina hadithi za mtahini ambaye watu wakiona jina lake kwenye ratiba wanaumwa tumbo. Huyo nitamrudia.

Anayefundisha anajua mara mbili

Sababu ya tano ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Marubani wakufunzi wenyewe husema hawakuielewa ndege yao mpaka walipolazimika kuieleza. Unaweza kuirusha ndege miaka kumi kwa kufuata utaratibu. Siku kijana anakuuliza, "Kapteni, kwa nini tunafungua swichi hii kabla ya ile?" ndipo unagundua hukuwahi kujiuliza.

Jambo hilo liliwahi kuokoa watu. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United aina ya DC-10, safari namba 232, ilikuwa inatoka Denver kwenda Chicago. Injini ya mkiani ilipasuka, vipande vikakata mifumo yote mitatu ya haidroliki. Kwa lugha nyepesi, usukani ukabaki pambo. Ukizungusha, hakuna kinachosogea kwenye mabawa wala mkiani. Hakukuwa na ukurasa wa kitabu ulioandikwa kwa hali hiyo, kwa sababu wahandisi waliamini haiwezi kutokea.

Miongoni mwa abiria alikuwamo Denny Fitch, kapteni na mkufunzi wa DC-10 katika kampuni hiyo hiyo, anarudi zake nyumbani. Akamtuma mhudumu amwambie kapteni kwamba yupo tayari kusaidia. Kapteni Al Haynes akamwita. Fitch akachukua mikono ya nguvu za injini mbili zilizobaki, akawa anaongeza upande mmoja na kupunguza mwingine, ili ndege igeuke na isipinduke. Hakuwa anabahatisha. Miaka minne kabla, Agosti 1985, ndege ya Japan Airlines safari namba 123 ilipoteza haidroliki zote ikaanguka, watu 520 wakafa. Fitch aliisoma ajali ile akajiuliza yeye angefanya nini, akaingia kwenye simuleta akajaribu kurusha kwa nguvu za injini tu.

Safari 232 ilianguka ikitua Sioux City, Iowa. Kati ya watu 296, walikufa 112 na kupona 184. Baadaye marubani wengine walipojaribu kutua katika hali hiyo kwenye simuleta, ilionekana kwamba si jambo ambalo mtu angeweza kufundishwa akalifanya kwa uhakika.

Mimi naona hapo tabia ya mwalimu. Rubani wa kawaida akisoma ajali anasikitika na kugeuza ukurasa. Mwalimu anajua kesho kuna mtu atamuuliza, na mashine ya kujaribia anayo.

Mwalimu naye ni hatari

Ningeishia hapo makala ingekuwa tamu, lakini ingekuwa nusu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye barabara ya kurukia, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am. Walikufa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo. Kulikuwa na ukungu mzito. Ndege ya KLM ilianza kukimbia ili ipae wakati haijapewa ruhusa, na ile ya Pan Am bado ipo mbele yake barabarani.

Kapteni wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, hakuwa mgeni wala mzembe wa kijiweni. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake, mtu ambaye picha yake ilitumika kwenye matangazo. Rubani msaidizi aliyekaa kulia kwake siku ile alikuwa amepimwa kwenye 747 na yeye mwenyewe, si muda mrefu kabla.

Ripoti ya uchunguzi ya Wahispania iligusa jambo linalonisumbua kila nikilisoma. Kapteni huyu alikuwa ametumia muda mwingi kwenye simuleta kuliko kwenye safari. Na kwenye simuleta, mkufunzi ndiye mnara. Ruhusa ya kupaa anajipa mwenyewe, au haitolewi kabisa. Mtu aliyezoea kuwa rubani na mnara kwa pamoja alijikuta siku moja kwenye ukungu wa kweli, na mnara ulikuwa wa watu wengine.

La pili ni hao waliokuwa naye. Kapteni aliposukuma nguvu za injini mara ya kwanza, rubani msaidizi alimwambia bado hatujapata ruhusa, akasimama. Aliposukuma mara ya pili, hakuzuiwa. Fundi wa ndege akauliza kama ile Pan Am imekwisha toka barabarani. Kapteni akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Fundi akanyamaza. Wewe ungeendelea kumbishia mkuu wa mafunzo? Mtu ambaye juzi ndiye aliyekuwa na kalamu juu ya leseni yako? Usinijibu haraka. Kumbuka mara ya mwisho mhadhiri alipokosea ubaoni, ukamwona, ukanyamaza.

Ajali ile ilichangia kuzaa mafunzo mapya. Mwaka 1979 NASA iliitisha mkutano juu ya namna watu wanavyofanya kazi pamoja ndani ya chumba cha rubani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 United wakaanza kuwafundisha makapteni kusikiliza na wasaidizi kusema. Haynes alisema baadaye kwamba bila mafunzo hayo asingemkaribisha abiria ashike nguvu za injini, na wala wasingefika Sioux City. Kwa hiyo ndani ya hadithi hizi mbili kuna uzi mmoja: mwalimu ambaye haulizwi ni hatari, na mwalimu anayeingia na kusema "niwasaidie nini" ni msaada.

Kiti cha nyuma

Mfano wa tatu ni wa 4 Novemba 2010. Airbus A380 ya Qantas, safari namba 32, ilikuwa na watu 469 ikitoka Singapore kwenda Sydney. Muda mfupi baada ya kupaa, injini moja ilipasuka na vipande vikatoboa bawa na kukata nyaya. Ndani ya chumba cha rubani kulikuwa na marubani watano. Kapteni Richard de Crespigny alikuwa anafanyiwa kipimo chake cha mwaka. Aliyempima, Harry Wubben, alikuwa mwenyewe anajifunza kuwa mtahini. Na nyuma ya Wubben alikaa David Evans, mtahini mwandamizi, akimwangalia anavyopima. Yaani mtihani ndani ya mtihani.

Watahini wawili wangeweza kumsukuma kapteni pembeni. Hawakufanya hivyo. Kapteni akabaki kapteni. Wakati yeye na msaidizi wake wanapitia msururu wa maonyo kwa kama dakika 50, watahini walichukua hesabu ya umbali wa kutua, wakairudia mpaka ikawaambia ndege itasimama ikiwa zimebaki kama mita 100 za barabara. Ilitua Changi, hakuna aliyekufa.

Kujua lini ushike na lini uache ndiyo roho ya kazi yenyewe, hasa kwa mkufunzi wa safari. Mgeni anakuja kutua, ndege imepinda kidogo, ardhi inasogea. Ukimnyang'anya mapema, hatajifunza kurekebisha na kesho atakusubiri umnyang'anye tena. Ukichelewa, nyuma kuna watu 130. Hata sisi kwenye TP tulikutana na jambo hilo kwa kiwango chetu: mwanafunzi yupo ubaoni, hesabu inaelekea kubaya, chaki unayo mfukoni. Unahesabu moyoni mpaka ngapi?

Kufundisha si kupima

Somo kubwa la marubani kwa watu wa Elimu ni jinsi wanavyotenga kazi mbili ambazo sisi tunazichanganya. Siku ya mafunzo, rubani anaruhusiwa kukosea, kurudia, kuuliza swali la kijinga. Siku ya kipimo, mkufunzi hafundishi, anaangalia. Wote wawili wanaambiwa mapema leo ni siku gani. Na kanuni za Ulaya zinaongeza kwamba mtahini asimtahini mtu kwa ajili ya leseni ikiwa yeye ndiye aliyempa zaidi ya robo ya mafunzo yanayotakiwa, kwa sababu hapo anajipima mwenyewe. Linganisha na kozi ambayo mtu mmoja anaifundisha, anatunga mtihani, anasahihisha, na malalamiko ya alama unampelekea yeye.

Halafu yapo mazungumzo ya baada. Mkufunzi mzuri hafungui kwa kusema "umekosea hapa". Anauliza: ilikuwaje pale ulipoamua kurudi? Uliona nini? Ungefanya nini tofauti? Rubani anayeweza kujiona mwenyewe atajirekebisha akiwa angani, mkufunzi hayupo. Kuanzia mwaka 2013 ICAO ina mwongozo unaosukuma mafunzo ya marubani kutoka kwenye kuweka alama ya vema kwenye orodha ya mazoezi kwenda kwenye kujenga uwezo: kuamua, kuwasiliana, kugawana kazi, kuijua hali uliyomo.

Nilipokuwa TP shule fulani, mkaguzi wangu alikaa nyuma ya darasa kama dakika 20, akajaza fomu, akaondoka na gari lililokuwa likimsubiri. Alama niliiona baada ya miezi. Ilikuwa nzuri, sina ugomvi nayo. Ila mpaka leo sijui aliona nini. Nilipimwa, sikufundishwa, na kipimo chenyewe hakikuniachia kitu cha kurekebisha darasani wiki iliyofuata.

Kwa hiyo?

Nimesikia jibu kwamba chuo si ndege, hakuna anayekufa mtu akifundisha vibaya. Sikubali. Mwalimu wa hesabu aliyetoka chuo bila kufundishwa vizuri atasimama mbele ya madarasa kwa miaka 30 hivi. Hakutakuwa na tume ya uchunguzi wala kisanduku cha kumbukumbu. Watoto wataambiwa tu kwamba hesabu ni ngumu.

Marubani wazuri wanaomba kufundisha kwa sababu kazi hiyo imewekewa mambo manne: ni lazima uwe umeifanya kazi unayoifundisha, unafundishwa kufundisha, unalipwa zaidi, na unaendelea kupimwa. Ondoa moja, watu wazuri hawaji, au wanakuja kwa sababu ya kalamu. Vyuo vyetu vinachagua walimu wachanga kwa GPA. GPA inaonyesha kwamba unalijua somo, na hilo si dogo. Haionyeshi kwamba unaweza kumsubiri mtu asiyelijua.

Serikali yetu ya wanafunzi ina waziri wa taaluma, na vikao vya kitivo tuna wawakilishi. Badala ya kupeleka kila muhula malalamiko ya alama peke yake, napendekeza tupeleke maswali matatu. La kwanza: mhadhiri mpya anapata mafunzo gani ya kufundisha kabla ya kukabidhiwa darasa la watu 400? La pili: kwa nini mkaguzi wa TP asilazimike kukaa na mwanafunzi walau nusu saa baada ya kipindi, na gharama ya nusu saa hiyo iwekwe kwenye bajeti, posho yake ikiwamo? La tatu: fomu tunazojaza mwisho wa kozi kuwapima wahadhiri zinakwenda wapi, na nani anakaa na mhadhiri kuzijadili naye?

TP ijayo inaanza baada ya likizo. Swali la pili likijibiwa kabla ya hapo, kuna wenzetu wa mwaka wa pili watarudi wakiwa wanajua walichokosea.